Sakafu haina kosa, tafuteni maji: niliyoyasema mbele ya wenye pikapu za zamani

Mwenyekiti, wazee wetu, mafundi mliopo na nyie wote mliokuja na pikapu zenu na zile ambazo zimekuja zikivutwa, habari za asubuhi. Nimepewa dakika ishirini niongee kuhusu kutu ya sakafu, ntajitahidi, ila wanaonijua wameshaanza kucheka.

Kabla sijaanza pokeeni hiki kipande mkipitishe taratibu, kina ncha msijikate. Hiyo ni sakafu ya pikapu yangu ya mwaka 1971, upande wa dereva, pale kisigino kinapokaa ukikanyaga mafuta. Msikiangalie kwa juu, kiangalieni kwa ubavu. Juu kabisa kuna lami, ile nyeusi ya kupaka chini ya gari. Chini ya lami kuna bati limepigwa riveti za aluminiamu. Chini ya bati kuna lami nyingine, kongwe zaidi, imepasukapasuka. Halafu chini kabisa ndo kuna kitu ambacho zamani kilikuwa sakafu, mkikiminya kwa kidole kinamenyeka kama gamba la mti. Yaani kuna mtu alitengeneza, akaja mwingine akatengeneza juu ya yule wa kwanza, na wote wawili hakuna aliyejiuliza maji yanatoka wapi. Mimi nilikuwa wa tatu, na mimi pia sikujiuliza.

Mi wakati ule nilikuwa na kiburi cha mashine mpya. Nilikuwa nimenunua mashine ya mig, ile ya kuchomelea kwa waya na gesi, nimeshajifunza kwenye vipande vya bati mpaka jirani amechoka na kelele, nikaona sasa niko tayari. Nikakata huo uchafu wote, nikaweka bati jipya, nikachomelea, nikasaga mpaka ukipitisha kiganja huoni kiungo kiko wapi, nikapiga rangi, nikatandika na kapeti mpya na lile felti nene la chini la kuzuia kelele, picha nikapiga, sifa nikapokea. Mwaka mmoja na miezi kadhaa mbele, msimu wa mvua umepita, nafungua mlango asubuhi nasikia harufu, ile ya nguo iliyosahaulika kwenye ndoo. Nainua kapeti, felti limelowa ukilikamua linatoa maji, na pale kwenye kiungo changu cha sifa rangi imevimba vidoti vidoti kama tetekuwanga. Nikachukua bisbisi nikagusa kidoti kimoja tu. Ikapita. Nikaona sakafu ya gereji kupitia sakafu ya gari.

Sasa mtaniambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa, lakini kwenye gari ya zamani hiyo methali inatupoteza kidogo, maana ukiziba ufa wakati maji yako ndani, umejenga tangi. Kale katundu ka kutu kalikuwa angalau kanatoa maji. Mimi nikakaziba vizuri kabisa.

Basi tuongee maji kwanza, na ntakaa hapa muda mrefu kuliko kwenye welding, mtanisamehe nyie mliokuja kwa ajili ya welding.

Kutu ni chuma, hewa na maji, na chumvi ikiingia kazi inaenda mbio, ndo maana gari za pwani na za nchi wanazomwaga chumvi barabarani wakati wa barafu zinaoza mapema. Na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, mara mbili na zaidi, ndo maana bati mbili zilizobanana zikishika kutu katikati zinasukumana, zinavimba, spoti za kiwandani, zile nukta za welding zinazoshika bati mbili pamoja, zinaachia. Ukiona kiungo kimetuna ujue ndani kuna kazi inaendelea muda mrefu.

Watu wengi wakiona sakafu imeoza wanadhani maji yametoka barabarani, yamerushwa na matairi. Yapo hayo. Lakini kwenye hizi pikapu sakafu mara nyingi inaanza kuoza kutoka juu kwenda chini, toka ndani. Ukiona rangi ya chini bado ipo ipo na juu kumeliwa, mwizi yuko ndani ya nyumba.

Mtuhumiwa wa kwanza ni raba ya kioo cha mbele. Miaka hamsini ile raba imekuwa ngumu kama kwato, maji yanapita kwenye kona za chini, yanateremka nyuma ya dashibodi ambako hakuna anayeangalia, yanafuata ule ukuta wa bati unaotenganisha injini na miguu yako, yanatua chini ya kapeti. We unakuta maji miguuni unalaumu sakafu.

Wa pili, na huyu ndo aliyenimaliza mimi, ni kile kisanduku cha hewa chini ya kioo, pale penye matundu ambapo waipa zinalala. Kile kimetengenezwa makusudi kipokee mvua na kuitoa kwa pembeni, lakini majani yakiingia miaka na miaka yanageuka udongo kabisa, udongo wa kuotesha mche, unakaa pale umelowa, tundu la kutolea maji limezibwa, bati la kile kisanduku linaoza na maji yanapata njia ya kuingia ndani. Mi nilitoa humo majani yaliyojaa kopo zima la rangi la lita 4, na kati yake kulikuwa na mbegu imeshachipua. Msicheke.

Wengine ni raba za milango, vile viraba vya duara vinapopita waya na nyaya za kilomita, raba za pedali, na hita. Hita ikivuja utaijua, maji yake yanateleza kwa vidole na yana harufu tamutamu, hayo ni maji ya rejeta yenye dawa na hayakauki upesi. Na msisahau mafuta ya breki. Silinda kuu ikivuja kwa nyuma mafuta yanatiririka kwenye pedali mpaka chini, na mafuta ya breki ya kawaida yanavua rangi kama dawa ya kuvulia rangi, sasa bati likishabaki uchi hapo unyevu mdogo tu unatosha.

Namna ya kupima. Toa siti, toa kapeti, toa felti lote, hata lile lililogandishwa na lami kwapua lote. Sakafu iwe tupu na kavu. Mtu mmoja akae ndani na tochi, alale kabisa chali, kichwa chini ya dashibodi, na huyo awe mtu anayekupenda maana hatashukuru. Mwingine nje na mpira wa maji, maji ya taratibu bila presha. Anzeni chini kupanda juu, msianze juu, ukianza juu maji yanateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Kizingiti cha mlango dakika tano, subiri. Raba ya mlango dakika tano, subiri. Kisanduku cha hewa. Kioo mwishoni. Na kabla hamjaanza, huyo wa ndani apake poda ya mtoto au chaki iliyosagwa kwenye viungo vyote, tone likipita linaacha mfereji mweusi kwenye weupe, unalifuata mpaka kwenye tundu lenyewe kama unavyofuata siafu. Mi nilipofanya hivyo, mtu wangu akaniita baada ya kama dakika tatu tu, "njoo uone mto." Mwaka mzima wa kazi yangu, jibu dakika tatu.

Sasa mkishajua maji yako wapi na mkaziba huko, ndo mje kwenye sakafu.

Chukueni bisbisi la zamani na nyundo ndogo. Gonga gonga kila mahali. Bati zima linalia, linatoa sauti kavu ya ting, bati lililoliwa linatoa sauti ya kifua chenye kikohozi. Ukisikia hiyo, chomeka bisbisi. Usiogope kutoboa, kama bisbisi limepita hapo hapakuwa na bati, kulikuwa na rangi. Halafu nenda chini ya gari urudie, na chini usiangalie sakafu tu. Angalia zile boriti za bati zinazopita chini ya sakafu, angalia pale kebini inapokalia raba zake juu ya chesisi, angalia vizingiti vya milango ndani na nje, na kona za nyuma za kebini. Uzuri wa pikapu za zamani kebini na chesisi ni vitu viwili, sakafu ikioza gari haikatiki katikati. Lakini kama boriti na vikalio vimeoza pamoja na sakafu, kebini imeanza kukaa chini, na dalili yake ni mlango, ukiufungua unashuka, ukiufunga mpaka uuinue.

Na hapa ndo watu wanaharibu gari nzima. Unakata sakafu yote na kizingiti kwa pamoja, kebini inajikunja milimita chache bila wewe kuona, unachomelea bati jipya zuri, halafu mlango haufungi tena milele. Kwa hiyo kabla ya kukata chochote kikubwa, chomelea mabomba ya kukazia kwenye uwazi wa mlango, moja la kulala na moja la mshazari, na pima kona kwa kona, andika ukutani kwa chaki. Mlango ukiwa umekaa vizuri. Halafu kata upande mmoja, maliza, ndo uhamie wa pili. Najua inachosha.

Usalama ntaupitia haraka lakini kuna kitu kimoja sipiti haraka. Pikapu nyingi za zamani za Marekani tanki la petroli liko NDANI ya kebini, nyuma ya siti. Chevrolet C10 za 1967 mpaka 1972 ziko hivyo, Ford F-100 za miaka hiyo hiyo ziko hivyo. Yaani unachomelea sakafu na petroli iko nusu mita kutoka kwenye cheche. Tanki litoke, litoke nje ya jengo kabisa, usiniambie liko tupu, tanki tupu lina mvuke na mvuke ndo unaolipuka. Chini nako pitia bomba la mafuta, bomba za breki na waya zinazopita kwenye chesisi. Betri toa, waya wa alteneta toa. Mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi na siyo kwenye gari la jirani. Na ukimaliza kuchomelea usiondoke, kaa hapo angalau nusu saa unaangalia na kunusa, kipande cha felti kinaweza kufuka polepole pasipo moshi wa kuonekana halafu kiwake we umeshafunga mlango.

Na mambo mawili ya hewa. Usisafishe bati kwa ile dawa ya breki yenye klorini halafu ukachomelea, joto na mwanga wa welding vinaigeuza gesi ya sumu kweli kweli, siyo ya kukohoa tu. Na bati la mabati ya zinki, lile linalong'aa, moshi wake mweupe unakupa homa usiku, unatetemeka kama una malaria. Tumieni bati jeusi la kawaida.

Haya welding sasa, naona wale wa nyuma mmeamka.

Bati. Kwa sakafu mi natumia geji 18, ni kama milimita 1.2. Nyembamba zaidi itatoboka mbele ya macho yako, nene zaidi inakuwa ngumu kukunja na inapigana na bati la zamani, moja linayeyuka lingine bado halijapata joto. Kuna pikapu maarufu ambazo sakafu nzima inauzwa ikiwa imeshakunjwa, kama yako imo kwenye hiyo bahati nunua, lakini hata hiyo usikate ya zamani mpaka mpya imefika na umeiweka juu ukaona inakaa. Nshaona mtu amekata wiki mbili kabla, sakafu iliyokuja ni ya upande mwingine.

Kukata, kata mpaka ufike kwenye bati zima, na unajua umefika pale ambapo ukisaga kwa diski linatoka jeupe bila vishimo vyeusi. Vishimo vyeusi ni kutu iliyozama, ukichomelea hapo inatema na kutoboka, unaziba tundu unapata mawili. Watu wanakata kidogo kwa huruma. Huruma hapa inakugharimu kazi mara mbili. Pale sakafu ilipobanwa na boriti kwa spoti za kiwandani, usitumie patasi kupasua, toboa kila spoti kwa drili ya milimita 8 bati la juu tu, linaachia lenyewe na boriti inabaki nzima.

Kiraka kitengenezwe kwanza kwa karatasi ngumu ya boksi. Mafundi cherehani hawakati kitambaa bila patani na sisi vile vile, boksi ni bure, bati siyo bure. Kona zote zizungushe, usiache kona ya pembe kali, joto linakusanyika hapo na ufa unaanzia hapo. Halafu ile mifereji iliyobonyezwa kwenye sakafu ya kiwandani siyo mapambo, ndo inayofanya bati lisipige ngoma ukiendesha. Kiraka kikubwa cha bati bapa kitakuimbia safari nzima, boing boing. Kama huna mashine ya kubonyeza mifereji, chukua ubao mgumu uchonge mfereji, weka bati juu, tafuta nondo ya duara, gonga polepole ukienda na kurudi. Haitatoka kama ya kiwanda ila itakaza.

Kuchomelea kwenyewe: waya wa milimita 0.6, gesi ya argoni robo tatu na kabonidayoksaidi robo, kibano cha waya wa ardhi karibu kabisa na kazi kwenye bati safi. Acha uwazi mdogo kati ya kiraka na sakafu, kama unene wa bati lenyewe, visigusane kabisa. Halafu piga nukta. Nukta moja hapa, nyingine upande wa pili kabisa, nyingine katikati, mpaka zikae kama sentimita mbili na nusu kila moja, ndo uanze kujaza kati kati hivyo hivyo kwa kurukaruka. Usivute mstari. Najua mstari unapendeza, najua mkono unawasha, lakini bati la milimita 1.2 ukilivutia mstari linajikunja kama chipukizi la mgomba. Mi nina kipimo changu, nikipiga nukta naweka kidole pembeni yake, siyo juu yake, kama siwezi kukishikilia hapo nasubiri. Sakafu ya upande mmoja inaweza kukula siku nzima kwa mtindo huo na ni sawa kabisa. Pakitoboka weka kipande cha shaba kwa chini, chuma hakishiki kwenye shaba, unajaza tundu halafu unaitoa shaba.

Wenye mashine ya vijiti tu, inawezekana kwa mkono mwepesi sana, ila kwa bati jembamba hivi mi nisingejifundishia hapo.

Swali ambalo naulizwa kila mara ni kama dawa ya kubadilisha kutu inatosha. Ile dawa ina tindikali ya fosfori au tanini, inageuza kutu ya juu kuwa kitu cheusi kinachotulia. Kwa kutu ya ngozi, bati likiwa bado zima, ni nzuri na mi naitumia. Kwa tundu haifanyi kitu, dawa haizai chuma. Na faiba, ile ya kitambaa cha nyuzi za kioo na gundi, juu ya sakafu iliyooza ni kama kupiga plasta kwenye jino. Riveti za aluminiamu nazo mmeziona kwenye kipande, sijui kimefika kwa nani sasa hivi, zile nyeupe zilizobaki unga. Metali mbili tofauti na maji ya chumvi katikati zinakuwa kama betri, na aluminiamu ndo inayoliwa. Na lami juu ya kutu, jamani, lami inazuia maji yasitoke.

Ukishasaga, praima ya epoksi ya sehemu mbili, yaani rangi ya kwanza unayochanganya mwenyewe, moja kwa moja juu ya chuma kisafi, siku hiyo hiyo usisubiri kesho, bati lililosagwa likilala usiku mmoja wa unyevu asubuhi lina rangi ya chungwa. Juu ya praima ndo unapaka silanti, ule utomvu wa kuzibia viungo, kwenye viungo vyote, juu na chini, halafu rangi. Watu wanaweka silanti kwenye bati uchi, inabanduka na kuhifadhi maji kwa ndani, tumerudi kule kule. Ndani ya vizingiti na boriti ambako brashi haifiki, puliza nta, ila iwe mwisho kabisa baada ya welding yote, nta inashika moto. Na vile vitundu vya kutolea maji chini ya vizingiti viacheni wazi, nimeona mtu kaviziba kwa silanti vyote kwa usafi.

Kapeti msiirudishe. Yaani siyo milele, mwezi mmoja tu, endesha na sakafu tupu, kelele vumilia, mvua inyeshe, uangalie. Mi sasa hivi nina mkeka wa raba tu ambao nauinua.

Naambiwa muda umeisha. Nimalizie na hili kwa sababu mtaenda kuiona pale nje na mtaniuliza. Jana jioni kabla ya kuja hapa nimeimwagia maji pikapu yangu, chini kupanda juu kama nilivyowaambia. Upande wa abiria kavu. Upande wa dereva, karibu na raba ya pedali ya klachi, kuna unyevu, kidogo, kama alama ya kikombe. Siyo kioo, siyo kisanduku, hivyo nilishavimaliza. Poda ninayo kwenye gari, mpira wa maji uko pale ukutani, natafuta mtu mmoja mwembamba wa kulala chini ya dashibodi.

Na hicho kipande kirudisheni mezani tafadhali.